Nguzo ya Fuatino

Kwa wiki mbili nzima Fuatino alikuwa akijifunza kusema sentensi moja. Aliisema akipara samaki, aliisema akianika nguo, aliisema kimoyomoyo kanisani wenzake wakiimba. "Wifi, naomba ruhusa niende kwetu Vailoto, kaka yangu anatawazwa." Basi, maneno hayo tu. Mtoto wa darasa la pili angeyasema na kuomba biskuti juu yake. Lakini kila aliposimama mbele ya wifi yake, Aolele, ulimi ulikuwa mzito na mdomoni kikatoka kitu kingine. Mara ya kwanza aliuliza kama sabuni ya unga imebaki. Mara ya pili aliuliza kama magimbi yachemshwe au yachomwe, na jibu la swali hilo alikuwa nalo tangu mwaka alioolewa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyepiga makasia ujanani. Ukimwona kwa mbali barabarani ungemdhania mtu wa kutoa amri. Ukimsogelea, mabega yanashuka, shingo inaingia ndani, na macho yanatafuta kitu chini kana kwamba kadondosha sindano. Miaka kumi na tisa ya kuishi Sataufua, kijiji cha mumewe kisiwani Savai'i, ndiyo iliyomfanya hivyo. Hakuzaliwa na ile shingo.

Kwetu Samoa mwanamke aliyehamia kwa mume ni mke wa kuja, na mke wa kuja hana nguzo. Nyumba zetu hazina kuta, zina nguzo, na kila mwenye heshima ana nguzo yake ya kuegemea watu wakikutana. Mke wa kuja mahali pake ni nyuma, jikoni, kwenye mawe ya moto, pamoja na moshi na mbwa. Hupika wa kwanza na kula wa mwisho. Hata watoto wake watatu walimzidi Fuatino daraja pale, maana wao ni damu ya nyumba ile. Binti yake mkubwa akiwa na miaka tisa aliwahi kumwambia, "Mama, shangazi anasema usipite mbele," na mama mtu akarudi nyuma akazunguka kupitia kwenye migomba.

Aolele ndiye aliyeshika nyumba. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe Fuatino, mjane, mnene wa wastani, mwenye kipepeo cha kujipepea kisichopumzika mkononi. Hakuwa mwanamke mbaya. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia habari hii hupenda kumtafuta mbaya wakamtia mikononi, wakalala usingizi. Aolele hakupiga mtu wala hakumnyima mtu chakula. Alikuwa tu amekaa kwenye nguzo yake, na kwenye nguzo ile aliyeko jikoni haonekani sawasawa.

Sasa, kaka yake Fuatino, Semisi, alikuwa anatawazwa Jumamosi ile kuchukua jina la Fonomalu, jina la uchifu la ukoo wao. Jina hilo lilikaa miaka kumi na mmoja bila mwenyewe, kwa sababu ya ugomvi na jamaa wa tawi la Leulu. Watu wa Leulu walidai kwamba babu yake Semisi hakuwa wa damu, kwamba alikuwa mpishi aliyekaribishwa akakaa, na ukoo wake wote ni watu wa jikoni waliojisahau. Mahakama ya ardhi na majina ikampa Semisi ushindi, lakini midomo ya watu haiendi mahakamani. Semisi alimpigia dada yake simu. Wazazi wao wamekufa, na Fuatino ndiye dada pekee.

"Dada, utakaa nguzo ya pili, baada ya shangazi," alimwambia. "Leulu watakuwa wamekaa mkabala nasi. Nataka wakuone. Nataka waone nyumba hii ina binti. Usipokuja, hicho kikombe cha kutawazwa nitakinywa nikiwa nusu mtu."

Kwa hiyo haikuwa safari ya kwenda kula nguruwe na kurudi. Nguzo ile isiyo na mtu ingekuwa jibu tosha kwa Leulu. Fuatino alilijua hilo vizuri, akaweka simu, na bado akaenda kuuliza habari za sabuni ya unga.

Alimwomba mumewe amsemee. Etuale alikuwa mtu mwema, na wema wake haukumsaidia mtu yeyote. Alikuna kichwa, akatazama bahari, akatazama paa, akasema, "Yule ni dada yangu, mke wangu. Nitaanzia wapi?" Kwetu kaka habishani na dada yake. Dada ni mboni ya jicho la kaka. Akitaka kitu, kaka hutafuta njia. Na hapa ndipo panaponikera hadi leo, maana sheria iliyomfunga Etuale mdomo ndiyo hiyohiyo ambayo kule Vailoto ingemweka Fuatino juu ya mkeka mzuri, akipepewa nzi. Ni mwanamke yuleyule, mwenye miguu ileile, na kati ya heshima yake na fedheha yake kuna saa moja na nusu tu ya feri.

Alhamisi moja nesi alikuja kwenye kikao cha akina mama wa kijiji kupima watu presha. Mabinti waliozaliwa Sataufua hukaa mbele. Wake wa kuja hukaa nyuma, hata kama wa nyuma ni bibi wa miaka sabini na wa mbele ni msichana anatafuna pipi. Nesi alimfunga Fuatino kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akakifungua, akapima tena. Alimwambia kwamba ni mia na themanini na mbili, na kwamba watu wenye presha ile huletwa kwake wamebebwa. Akamuuliza kama ana mawazo yanayomsumbua.

"Sina," alisema Fuatino.

"Usingizi je? Unapumzika?"

Kabla hajajibu, Aolele alishamjibia kutoka mbele, bila kugeuza kichwa. "Anapumzika sana huyo, nesi. Shida yake chumvi. Anapenda chumvi kama mbuzi."

Akina mama wakacheka, na Fuatino naye akacheka. Kila nikiikumbuka habari hii, hapo ndipo ninaposhikwa na hasira: alicheka, tena akafunika mdomo kwa mkono kama mtu aliyefurahi kweli. Chumvi yenyewe ilikuwa ya chini ya sufuria. Anayekula wa mwisho hukuta nyama ya kopo imekwisha na mchuzi umekauka, umebaki ule ukoko wa chumvi uliogandamana chini, naye huukwangua kwa gimbi la baridi. Angeweza kumwambia nesi. Nesi aliandika kwenye karatasi kwamba mama huyu apumzike na ale chakula kisicho na chumvi, akampa Aolele aliyekuwa mkubwa wake, na Aolele akaikunja vizuri akaitia kwenye mkoba. Habari ya karatasi ikaishia hapo.

Jumanne ya wiki ya sherehe Fuatino alikuwa bado hajasema neno. Kichwa kilimgonga tangu asubuhi, upande mmoja, nyuma ya sikio. Jioni, kabla ya sala, redio ilikuwa inasoma matangazo ya familia kama kawaida: fulani amefariki, fulani arudi nyumbani mama yake anaumwa, kwaya fulani mazoezi yameahirishwa. Halafu mtangazaji akasoma bila haraka kwamba Fuatino aliyeolewa Sataufua, binti wa nyumba ya Fonomalu, anatakiwa Vailoto kabla ya Jumamosi kwa kutawazwa kwa kaka yake, na anayemfahamu amfikishie ujumbe. Wakati ule redio huwa imefunguliwa kila nyumba. Kijiji kizima kikamsikia akiitwa binti.

Fuatino alikuwa amepiga magoti akifuta mkeka. Akaendelea kufuta palepale alipokwisha kufuta. Kipepeo cha Aolele kikasimama, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kwani nani alikuzuia?" alisema Aolele. "Kaka yako anatawazwa na mimi nasikia redioni kama mtu baki? Watu watadhani tumekufunga kamba."

"Nisamehe, wifi."

"Una mdomo, wifi. Utumie."

Etuale akakubali kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa anataka kusema tangu mwanzo. Ningekuwa mimi ningetupa kitambaa. Lakini kibaya zaidi ni kwamba Aolele alikuwa na haki kidogo, kiasi cha kumfanya mtu akose usingizi. Hakuna mahali alipokataa, kwa sababu hakuna mahali alipoombwa. Kesho yake alifungua sanduku lake mwenyewe akatoa mkeka wa heshima, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za mkadi hadi ukalainika kama shuka, akampa Fuatino aupeleke, maana hakutaka Vailoto waseme wifi yake katoka kwa watu wasio na kitu. Fuatino aliupokea akalia machozi ya shukrani. Alilia kwa kupewa ruhusa ambayo baadaye ilionekana hakuna aliyemnyima.

Ijumaa alipanda feri. Tiketi yake ilikuwa ya kiti, na viti vilikuwepo tele, lakini alikwenda kukaa chini kwenye ngazi za kushukia kwenye magari, mkeka umefungwa vizuri mapajani. Baharia mmoja alimwambia, "Mama, juu kuna viti." Akamjibu kwamba pale panatosha. Baharia akamruka mara nne kwa kupanda na kushuka, na kila mara Fuatino ndiye aliyeomba radhi.

Vailoto walimpokea kwa kelele. Semisi alimkumbatia mbele za watu, akamshika mkono mpaka ndani. Mke wa Semisi, Vaelua, mwanamke wa miaka thelathini aliyetoka vijiji vya kusini, alikuja mbio akampokea begi, akatandika mkeka, akaleta nazi iliyokatwa mdomo, akaketi mbele yake na kuanza kumpepea nzi. Fuatino aligeuka nyuma kutazama ni mgeni gani mkubwa aliyeingia. Hapakuwa na mtu. Watoto wakacheka, naye akacheka, na nazi akainywa kwa mikupuo miwili ili asimchoshe anayempepea.

Shangazi yao Tiresa, mdogo wa marehemu baba, alikuwa na miaka sabini na kitu na uti wa mgongo kama rula. Alimwita Fuatino kando akamfunda kama mwali. Kesho atakaa nguzo ya pili. Ataegemea, hatainama. Atakula chakula kikija, hatasubiri. Wasemaji wakimtaja, atainua kichwa.

"Na hutainuka," alisema shangazi. "Hata nyumba ikiwaka moto, utasubiri wengine wakutoe. Ukiinuka mbele ya wale watu umemvua kaka yako nguo."

"Sawa, shangazi."

"Usiniitikie hivyo. Unaniitikia kama mtumishi wa mchungaji."

Jumamosi kulipopambazuka, jogoo bado wanasafisha koo, Fuatino alikuwa uani anafagia majani ya mshelisheli. Hakukumbuka kuamka. Mikono ilijiamkia yenyewe, ikatafuta ufagio, ikaupata. Alikwisha kufagia nusu ya uwanja aliposikia miguu inakuja mbio. Alikuwa Vaelua, kanga ya kulalia imefungwa upande, uso umemshuka.

"Wifi, nakuomba," alinong'ona. "Nakuomba uniachie huo ufagio. Shangazi akikuona, mimi ndiye nitakayeulizwa nilikuwa wapi."

Fuatino alimtazama, akatazama ufagio, ndipo akaelewa. Kwa kujishusha kwake alikuwa karibu kumponza mwenzake aliye chini zaidi. Akauachia kama umemuunguza. Halafu, sijui nani alianza, wakaangua kicheko wote wawili, kicheko cha kuzibana midomo, wakakimbilia nyuma ya jiko wasisikiwe. Vaelua akamimina kakao ya moto kwenye vikombe viwili vilivyovunjika vishikio. Wakanywa wamechuchumaa, magoti kwa magoti.

Pale jikoni Fuatino aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Alisimulia habari ya sabuni ya unga, na Vaelua akacheka hadi akapaliwa, maana yeye aliwahi kutaka kuomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake akaishia kuuliza kama mbwa wamekula. Kwao hajafika miaka mitatu. Alionyesha kovu la mawe ya moto mkononi. Fuatino akaonyesha lake, mahali palepale, chini kidogo ya kiwiko. "Pole, mdogo wangu," alisema Fuatino, na akamaanisha. Kichwa hakikumgonga asubuhi ile. Nadhani kama siku ingekwisha pale, kwenye vile vikombe, ningekuwa nakusimulia habari ya watu wawili wenye furaha.

Kufika saa nne nyumba ilikuwa imejaa. Upande mmoja wamekaa wenyeji, Semisi kwenye nguzo ya katikati, kifua wazi, shingoni shada la mbegu nyekundu. Mkabala nao, tawi la Leulu, wanaume kwa wanawake, wamekuja kwa sababu kutokuja kungekuwa kukubali kushindwa. Shangazi Tiresa alikaa nguzo ya kwanza upande wa mabinti, na kwenye nguzo ya pili Fuatino, gauni la buluu, ua sikioni, mgongo umenyooka kwa nguvu za shangazi. Mkeka wa Aolele ulipokunjuliwa, watu waliguna kwa kuusifu. Kinywaji cha ava kikachanganywa, majina yakaitwa, na jina la Fonomalu likaitwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Semisi akapokea kikombe, akamwaga tone, akanywa. Hapakuwa na pingamizi. Fuatino alijiona amefika. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa, na alikuwa anakaa.

Kikaja chakula. Aliletewa sinia lake mwenyewe: kipande cha nguruwe cha heshima, gimbi, majani ya gimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi, samaki mzima. Vaelua alikaa chini mbele yake akimpepea nzi, macho chini, na hakuna ambaye angejua kwamba asubuhi walikuwa wamekaa magoti kwa magoti. Shangazi alianza kula. Mabinti wa nguzo za mbele wakaanza kula. Fuatino alishika gimbi, akalimega, mkono ukagoma kwenda mdomoni. Alikuwa anasubiri, ingawa mwenyewe hakujua. Alikuwa anasubiri watu washibe ili naye apate nafasi ya kula.

Wakashiba. Mwanamke wa nguzo ya tatu alisukuma sinia lake pembeni, na kikombe juu yake kikainama, kinataka kuanguka. Kwa miaka kumi na tisa kikombe kikiinama namna ile Fuatino hunyanyuka. Magoti yaliinuka kabla yake. Alilidaka sinia lile, akaweka la jirani juu yake, akaokota na vikombe, akakunja mgongo kama tunavyokunja tukipita mbele ya wakubwa, akaanza kukatiza nyumba akisema kwa sauti ndogo, "Samahani, napita, samahani." Alipofika katikati ndipo aliposikia kimya.

Sitaki kusema mengi juu ya kimya kile. Msemaji wa Leulu, mzee mnene mwenye sauti ya kengele, aliutupa usinga wake begani, akajikohoza.

"Nilikuja na wasiwasi njiani," alisema. "Nikajiuliza, jamani, wageni wote hawa, vyombo ataosha nani? Sasa roho yangu imetulia. Nyumba hii imejipanga. Mabinti zake wamezoea."

Upande wa Leulu wakacheka wote, hadi wanawake wao, wakipigana mabega. Msemaji wa wenyeji akajaribu kuokoa, akasema kwamba dada yao ana moyo wa upendo, na akazidi kuharibu. Semisi hakumtazama dada yake. Alitazama mikono yake mwenyewe, mtu mzima aliyepata jina nusu saa iliyopita, na shada lile jekundu likamkaa shingoni kama la kuazima. Vaelua akaja mbio akachukua masinia. Fuatino alirudi hadi nguzo ya pili, njia ambayo ilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya Savai'i.

"Umetuuza," alisema shangazi Tiresa bila kufungua midomo. "Bora usingekuja."

Fuatino aliegemea nguzo. Damu ilimpanda kichwani, nyuma ya sikio pakagonga, macho yakaona vumbi linalometameta. Alikuwa na hasira, na sidhani kama aliwahi kuwa na hasira kama ile maishani. Alimkasirikia mzee mnene, akamkasirikia Aolele aliyekuwa ng'ambo ya bahari anajipepea, akamkasirikia Etuale na kichwa chake cha kukunwa. Zaidi ya wote aliyakasirikia magoti yake. Kwa miaka yote aliamini kwamba unyonge ule ni nguo ya Sataufua tu, anaivua akipanda feri, na kwamba chini yake Fuatino wa Vailoto yupo mzima, anangoja. Sasa aliona hakuna aliyekuwa anangoja. Na watu wa Leulu walikuwa bado wanamtazama, wanangoja kuona kama atainuka tena.

Vaelua alikuja na beseni la maji ya kunawa na taulo begani. Aliwanawisha wageni, akamnawisha shangazi, akafika kwa Fuatino akapiga magoti. Yeye pia alikuwa amesikia lile neno la kuosha vyombo, na neno lile lilimhusu kuliko mtu yeyote mle ndani. Beseni likayumba. Maji yakamwagika kwenye mkeka, yakaingia kwenye pindo la gauni la buluu.

Fuatino hakutafuta la kusema. Lilikuja lenyewe, limenyooka, kwa sauti ya kusikika hadi nguzo za mwisho.

"Kwenu mnanawisha watu au mnanawisha mikeka?"

Halafu mzee mnene wa Leulu akacheka, lakini safari hii hakumcheka yeye, alicheka naye, kama watu wa daraja moja wanavyocheka. "Naam," alisema. "Hapo nimemwona binti." Na wanawake wa Leulu waliopigana mabega wakaacha, wakajiweka sawa kwenye mikeka yao. Semisi akainua kichwa. Akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu yale masinia, na usoni mwake palikuwa na shukrani.

Vaelua aliinamisha kichwa hadi karibu na mkeka. "Nisamehe, binti wa nyumba," alisema. Asubuhi yote alikuwa akimwita wifi. Akafuta maji kwa taulo, akachukua beseni, akarudi kinyumenyume hadi alipotoka nje ya nguzo.

"Sasa umekaa," shangazi Tiresa alisema.

Na kweli alikuwa amekaa. Mgongo ulikuwa umenyooka bila kulazimishwa. Kile kinachogonga nyuma ya sikio kilikuwa kimetulia, pumzi inakwenda hadi chini, na njaa, ambayo hakuwa ameisikia tangu juzi, ilimjia ya ghafla. Alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba alijisikia vizuri hivyo, kwa bei ndogo hivyo. Alijua Vaelua yuko wapi sasa. Yuko nyuma ya jiko, amechuchumaa anapuliza moto usiohitaji kupulizwa, ili akiulizwa macho yana nini aseme ni moshi. Alijua kwa sababu huo moto ameupuliza yeye kwa miaka kumi na tisa. Alitaka kuinuka amfuate. Lakini macho ya watu wa Leulu yalikuwa bado kwenye magoti yake, na Semisi alikuwa anatabasamu. Fuatino akavuta sinia karibu, akala.